Filimbi ya Mke wa Mpasua Mbao

Wapendwa, leo sitawachosha. Mnacheka? Haya chekeni, mnanijua.

Huko milimani alikuwepo mpasua mbao mmoja, mwanamume wa kifua hasa, anayevuta msumeno asubuhi hadi jioni bila kuomba maji. Mke wake ndiye alikuwa mpiga filimbi wa usharika. Jumapili ya mavuno, akina mama wanapopanda na vikapu vya maharage na mikungu ya ndizi kwenda madhabahuni, yeye ndiye aliyewatangulia akipuliza. Miaka ishirini na miwili! Hakuna kikapu kilichovuka mlango wa kanisa kabla filimbi yake haijalia.

Basi yule mama akaugua mapafu. Akalazwa miezi miwili, akarudi nyumbani kwa neema tu. Mavuno yalipobakiza wiki tatu, akatoa filimbi yake kabatini, akapuliza. Ikatoka hewa tupu. Akaifuta kwa kanga, akapuliza tena. Hewa tupu.

"Imechakaa hiyo," mume akasema. "Nitakutafutia nyingine."

"Siyo filimbi, Baba Nakijwa. Ni mimi."

Alimsikia? Wapi! Alishaanza kuvaa viatu. Msimlaumu haraka, wapendwa, maana alimpenda mke wake kupita kiasi. Hakutaka kabisa kuona mtu mwingine akitangulia mbele ya vile vikapu.

Akaenda kwa fundi anayetengeneza filimbi kwa mabomba ya vitu vilivyokwisha kazi. Fundi akampangia mezani. Kulikuwa na ya shaba, iliyotokana na fimbo ya pazia, nzito, inang'aa. Kulikuwa na ya alumini, ya antena ya televisheni, nyepesi mkononi. Na mwisho kulikuwa na ya bati la debe la mafuta, limeviringishwa na kuungwa kwa risasi ya kuyeyusha, na sura yake, jamani, ya kuonea huruma. Tena matundu nayo hayakulingana. Ile ya shaba kidole kinaingia. Ile ya bati hata kalamu inakwama.

"Ipi nzuri, fundi?"

"Nani atapiga?"

"Wewe nipe nijaribu."

Akazijaribu zote. Kwa kifua cha nani? Niambieni. Cha kwake! Ile ya bati aliipuliza kama anavyovuta msumeno, ikapiga ukelele mmoja mbaya, akaicheka. Ile ya alumini akasema si haba. Alipofika kwenye shaba ya tundu pana, sauti ikajaza karakana nzima, mbuzi waliokuwa nje wakaacha kula. "Hii ndiyo ya mke wangu!" Akaondoka mbio nayo, furaha tele.

Mama akaipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akaisifia, akaiweka mdomoni. Sauti mbili, akakohoa mpaka machozi. Alipotulia, akaifunga vizuri kwenye kitambaa.

"Nzuri sana, Baba Nakijwa. Mpe mwenzangu anayeweza."

Yule baba aliumia, wapendwa. Na sisi wanaume tukiumia tunafanyaje? Tunakasirika. Akarudi nayo kwa fundi. "Umeniuzia kitu kibovu! Mke wangu ametoka kuugua mapafu, amepuliza mara mbili tu akakohoa mpaka machozi!"

Fundi hakubishana. "Kabla hujanirudishia, zunguka hii karakana mara tano. Mbio."

"Mimi? Mtu mzima?"

"Mbio, mzee wangu."

Akakimbia, kuku wakitawanyika. Raundi ya tano aliimaliza anahema, jasho mpaka kwenye kope, na kabla hajavuta pumzi sawasawa fundi akamtia ile ya shaba mdomoni. "Piga." Ikatoka hewa tupu. Fundi akampa ile ya bati, ya tundu jembamba. "Piga." Kwa kile kipande cha pumzi kilichobaki, ile filimbi ya debe la mafuta ikalia, laini, safi, kama wimbo wa mama anayebembeleza mtoto.

Mpasua mbao akaketi chini palepale.

"Fundi... mke wangu yuko hivi?"

"Hivyo hivyo. Hata anapokuletea chai."

Akalia. Mtu mwenye kifua kile, alilia mbele ya kuku.

Jumapili ya mavuno mama alitangulia na filimbi ya bati. Maandamano yalikwenda polepole kuliko miaka yote, maana mbele yake alitembea mume wake, kila hatua akigeuka kuona kama anamfikia.

Sasa tuseme ukweli, sisi. Wewe uliyemwambia mjane "jikaze", ulijaribu neno hilo kwa kifua cha nani? Na wewe baba, unayemwambia mwanao "mbona mimi niliweza"? Na mimi mchungaji wenu, msidhani najitoa. Mwezi uliopita nilimwombea bibi mmoja mgonjwa dakika arobaini, naye amesimama. Nilipomaliza akaniambia, "Asante, baba, sasa nikae?" Tunapenda, ndiyo. Tunapenda sana. Lakini tunapima kwa pumzi yetu.

Bwana wetu naye angeweza kutupimia kwa pumzi ya mbinguni, nani angemzuia? Hakufanya hivyo. Alishuka akatembea kwa miguu kwenye vumbi letu, akachoka, akasikia kiu, akahema. Alipotunyooshea mkono, alikuwa anajua tumebakiza pumzi kiasi gani.

Basi kabla hujampa mtu shauri lako wiki hii, zunguka karakana kwanza. Ukirudi unahema, ndipo uzungumze naye.

Tusimame tuimbe. Wenye kuumwa, mkae tu. Na wewe mwalimu wa kwaya, nakuomba, leo shusha sauti na twende taratibu. Bibi Naetwe ametoka hospitali, yule pale benchi la tatu, naye anataka kuimba na sisi.