Eda ya Mwanakombo na Karatasi ya Bandari

Niwape nisiwape?

Semeni "tupe", msinitazame tu. Haya. Wewe Mwajabu, toa mguu kwenye msala wangu.

Zama hizo, watoto, mimi bibi yenu sijaota hata jino, mji wetu wa Kikwaju ulikuwa bandari ya wakoloni, na wakoloni wale walipenda tarehe kama nyinyi mnavyopenda sukari. Kila mwezi ofisi ya bandari ilitoa karatasi moja kubwa, ikabandikwa mlangoni pa forodha. Juu yake kumbukumbu: tarehe fulani bendera ilipandishwa, tarehe fulani gati lilifunguliwa, tarehe fulani gavana fulani alishuka melini na kofia yake ya manyoya. Katikati mvua, imenyesha inchi ngapi. Chini mwezi, lini mpya, lini mpevu. Ya kwetu hayakuwamo, nani kazaliwa wala nani kafa.

Mbandikaji alikuwa karani Badi. Ukimuuliza leo tarehe ngapi, hakujibu hivi hivi, mpaka akupe na gavana wa siku hiyo. Watu walimcheka, kisha kesho yake walikwenda kumuuliza tena. Ndivyo tulivyo.

Sasa Badi alikuwa na shemeji yake, Mwanakombo, mke wa marehemu kaka yake. Mume alifariki mwezi mosi Mfungo Nne, yaani siku ya kwanza ya mwezi wa nne tangu Ramadhani kwisha, nayo karatasi ikasema ni tarehe tatu Machi. Mwanakombo akakaa eda kama wajane wetu wanavyokaa. Miezi minne na siku kumi hatoki, hajipambi, anamlilia mumewe. Mmesikia? Miezi minne na siku kumi.

Ikaja habari mwezi wa Juni: mamake, kule Ndago, mgonjwa, hainuki kitandani. Na meli ya Ndago ilipita mara moja kwa mwezi. Mwanakombo akauliza nyuma ya pazia, "Shemeji, eda yangu inaisha lini?"

Mwaka ule, wanangu, masika yaligoma kuondoka. Yalipoondoka yakaingia manyunyu. Mawingu juu ya mawingu, mwezi ukatafutwa usionekane, na mji mzima ukapotewa na hesabu. Badi akaona siku yake ya kutamba imefika. Akahesabu: tarehe tatu Machi mpaka tatu Julai, miezi minne. Ongeza kumi.

"Tarehe kumi na tatu Julai, shemeji."

"Na meli inaondoka lini?"

"Tarehe kumi."

Mwanakombo alilia siku ile mpaka kichwa kikamuuma. Hakutaka kuivunja eda, hata. Mumewe alimpenda, na haki yake alitaka aitimize yote. Lakini mamake hakuwa na mtoto mwingine, na kukosa meli ile ni kungoja mwezi mzima.

Siku ya tatu akanawa uso, akamwita Badi.

"Shemeji, karatasi ya Julai imetoka?"

"Imetoka."

"Nisomee."

Badi akakohoa, akaanza. "Tarehe mosi Julai, gavana wa tatu alizindua..."

"Gavana mwache apumzike. Nisomee kule chini, kwenye mwezi."

"Mwezi mpevu, tarehe kumi na mbili."

"Na mwezi ukipevuka huwa siku yake ya ngapi?"

"Ya kumi na nne. Hata mtoto anajua."

"Basi rudi nyuma siku nne."

Badi akarudi nyuma siku nne. Akafika tarehe nane.

"Hiyo tarehe nane," Mwanakombo akasema, "ni mwezi kumi Mfungo Nane. Mfungo Nne, Mfungo Tano, Mfungo Sita, Mfungo Saba, miezi minne hiyo. Na kumi zake. Jua likichwa siku hiyo nimemaliza. Mimi nakaa eda kwa miezi ya mbinguni, shemeji, si ya ofisini."

Badi akainuka. Akavaa kanzu, akaenda kwa maalim. Maalim akahesabu kwa vidole, akasema mwanamke yuko sawa. Badi akarudi, akasimama mbele ya pazia, sauti imemshuka.

"Nisamehe, shemeji. Kazi hii imenizoesha vibaya. Tarehe kumi nitakupeleka gatini mwenyewe."

Akampeleka.

Mwanakombo alipofika Ndago alikuta ua umefagiwa, kitanda cha pili kimetandikwa shuka safi, uji uko motoni. Wala hakuna aliyepeleka salamu kwamba anakuja. Jirani akamwambia, "Mama yako anatuhangaisha tangu juzi. Anasema, 'Mwanangu ametoka eda, fagieni, yuko njiani.' Tulidhani ni homa inasema."

Kumbe bibi wa watu alikuwa kitandani akihesabu, chini ya mawingu yale yale, hana karatasi, hana karani.

Walikaa pamoja siku tisa. Siku ya kumi mama akafariki, kichwa kiko mapajani pa mwanawe. Meli ya pili, ambayo Mwanakombo angeingoja kwa hesabu ya Badi, ilikuwa bado karibu wiki tatu.

Siku hizi mna simu, mtu anakwambia "nafika saa nane", na hamumngoji. Nawaonea huruma. Basi shikeni hili: ukitaka kumhesabia mtu siku zake, muulize kwanza nani anamngoja.

Kisa changu nimekitua hapo. Anayekitaka akibebe, asiyekitaka anipishe nikaswali.