Hodi Barafuni

Sogeeni, niwape ya Nahodha Shekue, aliyefika ncha ya dunia, bahari inakoganda. Barafu iliibana meli yake na chakula kikaanza kuwaishia. Mabaharia wakaipiga mashoka, haikupasuka. Wakaimwagia maji ya moto, haikupasuka. Ndipo Nahodha alipokumbuka kwamba wameingia nyumba ya watu bila kubisha. Akashuka, akapiga magoti.

“Hodi.”

Kimya.

“Hodi, wenyewe.”

Kimya.

“Hodi, mama. Tumekukosea adabu.”

Chini ya barafu pepo kizee akaitika, “Karibu, mwanangu. Wote hunijia na mashoka tu. Nami siku moja nitakuja kwako.”

Barafu ikafunguka.

Mpaka leo, upepo wa baridi ukigonga mlangoni kwa Nahodha, mkewe huinuka kutia komeo. “Acha,” Nahodha humwambia. “Huyo ni mama.”