Muhanga na Lango la Wenye Pembe

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mnaitikia kama mlionyimwa uji? Paukwa!
Pakawaaa!
Haya, sasa mko macho.

Hapo zamani za kale mvua iligoma. Mto ukakauka. Wanyama wakakubaliana kuchimba lambo mpaka wayafikie maji ya chini ya ardhi, na msimamizi akawa Bwana Nyati. Amri ikawa moja: anayechimba ndiye anayekunywa.

Lakini pale langoni Nyati alitundika gogo. Kila aliyetaka kazi aligonge kwa kichwa. Akaja Pongo, yule swala wa vichakani. Akagonga: ko! "Pita, ndugu yangu." Akaja Bi Muhanga, mama mwenye pua ndefu na masikio marefu, mtoto mgongoni. Akagonga: pwa!

"Pembe ziko wapi?" Nyati akauliza.

"Sina, bwana. Nina kucha."

"Rudi ulikotoka."

Jamani! Muhanga, ambaye kuchimba ndiyo maisha yake, anafukuzwa kwenye kuchimba! Mtoto akalia, "Mama, kiu." Muhanga hakulia. Akashika njia mpaka barazani kwa Mama Ndovu, mwamuzi wa nyika.

Huku nyuma Nyati akacheka. "Dua la kuku halimpati mwewe."

Safari hii lilimpata. Baraza likaamua: mtu asiulizwe pembe langoni. Gogo likashushwa, Muhanga akaingia. Fuu, fuu, fuu! Udongo ukaruka. Nyati akamtazama weee, kisha akasema, "Vizuri. Sasa ubebe. Hapa kapu la udongo linatundikwa kwenye pembe. Ni kanuni ya wote, sikukusudii wewe."

Mmeiona hila? Pembe zimetolewa langoni, zimerudi na kapu.

Muhanga akarudi barazani. Mara hii Pongo akasimama naye. "Mimi pembe ninazo," akasema, "lakini udongo hata ukiburutwa unafika. Kapu hili limewekwa kumfukuza mama huyu."

Mama Ndovu akapiga mguu chini: tii! "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kanuni isiyotokana na kazi yenyewe, iondoke."

Basi Muhanga akachimba, akaburuta, akanywa. Mtoto naye akanywa, akashiba ndi ndi ndi.

Kesho yake Pongo hakuonekana kazini. Alikuwa nje ya lango, ulimi umemkauka. "Nimefukuzwa," akasema. "Nyati anasema mdomo wangu ni mrefu kuliko pembe zangu."

Nyati akamsogelea Muhanga, akamnong'oneza, "Mama, wewe umeshapata chako. Chimba, nyamaza."

Siwadanganyi, wanangu, Muhanga aliogopa. Akamtazama mtoto, akayatazama maji. Kisha akambeba mtoto mgongoni, akatoka langoni kwa miguu yake mwenyewe.

"Pongo, inuka. Twende barazani."

Mama Ndovu alipomwona akashangaa. "Bi Muhanga, umefukuzwa tena?"

"Hapana, mama. Sijafukuzwa. Leo nimekuja kwa ajili ya mwenzangu. Alisema kweli mbele yako, na kwa kweli hiyo amenyimwa maji. Kesho nani atathubutu kusema?"

Nyati, aliyekuwa amewafuata, akainama. Mama Ndovu akaongeza sheria ya tatu: anayesema kweli barazani asiguswe kazini. Wakarudi wote wawili bega kwa bega, na nyuma yao wakaja Nguchiro, Sungura na Kobe, ambao siku zote hizo walikuwa nje na kiu yao, wakiogopa hata kuuliza. Nyati akasogea pembeni. Pongo akainama majini, akanywa, akanywa, na Muhanga akasimama akimngoja amalize. Mama yule nampenda, nasema wazi.

Funzo ni hili: mfanyakazi apimwe kwa kazi, asipimwe kwa pembe. Na ukishapata haki yako usifunge mlango, maana sheria njema hujengwa na yule aliyekwisha kunywa akamkumbuka mwenye kiu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda aibebe, aliyechomwa nayo ajikune.