Kamera Iliyowaka Bila Kuona

Huko Tukuyu aliishi mzee mmoja, Ambakisye, mwenye nyumba ya wageni. Alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: kila kazi aliamini anaiweza, na kila kilichoharibika kilikuwa kimeharibiwa na mtu mwingine.

Siku moja shirika fulani likataka kuwalaza wafanyakazi wake kwake mwaka mzima, kwa sharti kwamba getini pawe na kamera. Kesho yake wangekuja kukagua.

Mzee akanunua kamera ya aina inayotumia waya mmoja kwa kila kitu: umeme unapitia humo, na picha zinarudi humohumo hadi kwenye runinga ya mapokezi. Muuzaji alitaka kumpa fundi. Mzee akakataa, akachukua waya mtupu, vichwa vyake vya kuchomekea na koleo ya kuvibania, akaenda kuutengeneza mwenyewe.

Ndani ya waya ule mna nyaya nyembamba za rangi mbalimbali, na kila rangi ina nafasi yake. Mzee akazipanga akifuata maelekezo, akabana, akachomeka. Taa ya kamera ikawaka. Akawaita watu wote waje kuona. Walichoona kwenye runinga ni giza.

Akakata vichwa, akabana vingine. Taa ikawaka, picha hakuna. Akabadilishiwa kamera dukani. Giza lilelile. Muuzaji akamweleza kwa simu kwamba umeme hauna makuu, waweza kupita hata nyaya zikichanganyika kidogo, lakini picha hutaka kila waya ukae mahali pake. Mzee akajibu kwamba amezipanga kwa macho yake mwenyewe, na macho hayo hayajawahi kumdanganya.

Basi akabakiwa na jibu moja: Gwakisa, mlinzi wa geti. Gwakisa alikuwa na tabia ya kusinzia kazini. Nani mwingine asingependa kamera ione? Mzee akamwambia wazi kwamba anauchezea waya, na kwamba picha isipotoka safari hii, akabidhi kirungu aende kwao. Gwakisa akaapa hajaugusa, kisha akakaa kwenye benchi akiwaza atamwambia nini mkewe.

Mama Lusajo, mke wa mzee, akamhurumia. Akavuta kigoda akakaa karibu na mumewe amshikie nyaya.

"Nipe wa kijani," mzee akasema.

Akampa.

"Mama Lusajo, nimesema wa kijani. Huu ni wa kahawia."

"Baba Lusajo, huo ndio wa kijani."

Mzee akamwita Gwakisa aamue. Gwakisa, ambaye kibarua chake kilikuwa kinaning'inia kwenye waya huo, akasema kwa sauti ya chini kwamba ni wa kijani. Mzee akaguna kwamba hawa wamepanga. Akamwita mgeni aliyekuwa anakunywa chai barazani, mtu aliyefika jana tu, asiye na upande wowote. Mgeni naye akasema ni wa kijani.

Mama Lusajo akauliza polepole:

"Baba Lusajo, geti letu lina rangi gani?"

"Si nililipaka mwenyewe? Kahawia."

Wote wakageuka kulitazama. Lilikuwa la kijani kama jani la mgomba.

Mgeni akaweka kikombe chini. "Kumbe," akasema. "Jana ulinielekeza kwa simu nitafute geti la kahawia. Nilizunguka mtaa mzima mpaka mvua ikaniloesha."

Gwakisa akainamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Mama Lusajo akajifunika uso kwa kanga. Mzee akawatazama mmoja mmoja, akautazama waya, akalitazama geti. Mwishowe naye akacheka, kwanza kidogo, halafu mpaka machozi. Alikuwa amefika uzeeni bila kujua kwamba kijani na kahawia kwake ni kitu kimoja.

Mama Lusajo akazipanga nyaya, mzee akabana. Taa ikawaka, na kwenye runinga likatokea geti, barabara yenye matope, na watu wanaopita.

Mzee hakukaa kuitazama picha. Alitoka nje, akamwomba Gwakisa radhi mbele ya mgeni, na hakutafuta maneno ya kujitetea.

Funzo: Kabla hujamfukuza mtu kwa giza unaloliona, waombe wengine watazame pamoja nawe, huenda kasoro iko kwenye jicho ulilokuwa unaliamini kuliko yote.