Chokaa ya Bi Zamoyoni

Chokaa haizuii mto. Mmemsikia Tatu akimwambia hivyo mwanawe, yule mwenye homa aliyejitia mzima mbele ya daktari, nanyi mkacheka. Sasa mnaniuliza imetoka wapi. Basi kaeni, na huyo anayetafuna muwa apunguze kelele. Methali hii ilianza hivi.

Kule Bondeni, kando ya mto, aliishi Bi Zamoyoni na mumewe, Mzee Kibwana. Zamoyoni alikuwa nadhifu mpaka ikawa kama ugonjwa. Kuku akipita uani, yeye na ufagio nyuma yake. Lakini mto haukumjali. Kila masika ulifurika, ukaingia sebuleni bila hodi. Mwaka ule ulibeba jiko zima, na ukuta wa nyuma ukapata ufa wa kupitisha mkono. Masika mengine kama yale, nyumba ingekwenda. Ndiyo nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi, akazalia humo wanawe wote, wala hakuwa na pengine pa kwenda.

Watu wa Bondeni walilalamika hata diwani wao, Mheshimiwa Pazi, akakubali kuja kujionea. Mtaro mmoja tu ungechimbwa kabla ya mvua, na mtaa wa juu nao ulikuwa unautaka. Ikaamuliwa apelekwe kwa Zamoyoni, maana huko ndiko kulikoumia zaidi.

Sasa mtu kama yule, umwambie mheshimiwa anakuja kwake, atalala? Alisugua sakafu, akatundika pazia la Idi juu ya ufa, akaazima viti kwa jirani. Kisha akakoroga chokaa, akapaka kuta mpaka ule mstari wa tope ulioachwa na maji ukapotea.

"Mama watoto," Mzee Kibwana akamwuliza, "tumemwita aje kuona mafuriko au aje kuposa?"

"Mgeni hapokewi kwenye tope. Mimi si mchafu."

Mzee akamsogezea ndoo. Alimpenda mno mkewe, na huyo akishashika brashi hakuwa na ubavu wa kubishana naye.

Diwani akaja, akakalishwa kwenye kiti kizuri, akaletewa chai ya tangawizi na vitumbua. Alikuwa mtu mwema. Akatazama kuta, akatazama pazia, akatabasamu.

"Hongera, mama. Nyumba inapendeza. Nilivyosikia, nilidhani mna hali mbaya. Naona mtaro uanzie mtaa wa juu, ninyi mtastahimili kidogo."

Zamoyoni akamtazama mumewe, mumewe akatazama chai yake. Angesema nini, na nani angemwamini ndani ya chumba kile? Ni mikono yake mwenyewe iliyokuwa inamtoa nyumbani kwake. Akachukua kitambaa cha kupangusia vikombe, akakichovya ndooni, akaanza kuusugua ukuta. Chokaa ilikuwa bado mbichi, ikateremka. Mstari wa tope ukatokea nyuma ya mgeni, usawa wa shingo yake.

"Hapo ulipokaa, baba," akasema huku machozi yakimtoka, "masika yaliyopita ungekunywa maji ya mto, si chai." Akavuta pazia, mwanga wa nje ukapenya ufani. "Nilikuficha kwa kuona haya. Nisamehe. Lakini chokaa haizuii mto."

Diwani akageuka, akaugusa ule mstari, kisha akaigusa shingo yake. Akaweka kikombe chini.

"Mtaro utaanzia hapa, mama," akasema.

Na ulianzia hapo. Masika yalipofika, Zamoyoni alikaa kitandani akisikiliza maji yakipita zake mtaroni. Ukuta ule hakuupaka tena, naye nadhifu vile. Mgeni akiuliza, Mzee Kibwana humwahi mkewe kujibu: "Hapo ndipo huyu aliponiokolea nyumba kwa kitambaa cha vikombe."

Haya, inukeni. Mwambieni yule mwenye homa arudi kwa daktari, aonyeshe panapomuuma. Akileta ubishi, mwambieni nimesema mimi: chokaa haizuii mto.