Msumeno Chini ya Sakafu

"Ardhi haimuulizi mlalaji, humuuliza mtandikaji." Mmeyasikia maneno hayo leo mkutanoni, mkaja nayo mbio kwangu. Haya. Nyumba ya nesi imeinama, ile ya kontena iliyoletwa na lori, na watu wazima na ndevu zao wanasema kosa ni la nesi, eti amejaza makabati upande mmoja! Mzee mmoja akawafunga midomo kwa methali hiyo. Sasa mnataka kujua ilikotoka. Kaeni basi, na wewe Mkwizu acha kunitafunia muwa masikioni. Ilizaliwa hapa hapa Upareni, juu kule msituni, na mimi nilisimuliwa na mama yangu.

Miaka hiyo palikuwa na kambi ya wapasua mbao ukingoni mwa msitu. Kambi ilipofungwa, ilibaki nyumba moja nzuri ya mbao. Wazee wakaamua apewe Nakiete, mjane aliyekuwa akilala jikoni kwa shemeji yake na binti yake mdogo. Nyumba za namna ile hazikubomolewa. Wanaume walipitisha miti mirefu chini yake, wakainyanyua nzima nzima, wakaenda nayo wakiimba hadi penye mawe yaliyotandikwa. Mtandikaji ndiye aliyechagua mahali na kuyapanga mawe, lakini kazi yake haikuishia hapo. Ilimpasa ailalie nyumba: ajinyooshe peke yake kwenye sakafu tupu, sikio chini, tangu ng'ombe watoke hadi warudi. Nyumba ikitulia, mwenye nyumba anamletea uji, anaunywa, ndipo mwenye nyumba anaingia na moto wake.

Mtandikaji wa nyumba ya Nakiete alikuwa Mrutu. Fundi hodari, na zamani alikuwa mpasuaji pale pale kambini. Alichagua kiwanja cha tambarare nyuma ya kambi, hakina hata kisiki, watu wakamsifu. Siku ya kuilalia, Nakiete alikuja jioni na uji wake akamkuta Mrutu ameketi kizingitini. "Ingia mama, nyumba imetulia," akasema, akaumaliza uji wote. Ulimi hauna mfupa, wajukuu zangu.

Mvua za vuli zilipoanza, nyumba ikaanza kuzama upande mmoja. Mlango ukawa unajifungua wenyewe. Kibuyu ukikiweka mezani, kinateremka. Hayo mtu angeyavumilia. Lakini adhuhuri moja ukungu uliposhuka kutoka msituni, Nakiete akasikia kitu chini ya sakafu: khrrr... khrrr... Msumeno! Unakwenda polepole, kwa kituo, kama mtu anayevuta halafu anamngoja mwenzake avute. Akatoka nje, akainama, akachungulia kati ya mawe. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na unga wa mbao tu, mweupe, mbichi, umelala juu ya udongo.

Tangu hapo kila ukungu uliposhuka, msumeno ulilia. Majirani wakausikia. Mbuzi wakakataa kupita upande ule hata kwa fimbo. Na nyinyi mnawajua watu: "Nakiete amefuga msukule chini ya nyumba!" Aliyelisema hilo kwa sauti kubwa kuliko wote ni Mrutu. Mawe yake hayana kosa, alisema, ubaya ameingia nao mwanamke mwenyewe. Nakasirika hata leo nikisimulia! Mchawi enzi hizo alifukuzwa mlimani na watoto wake, mvua inyeshe isinyeshe, na hakuna kitongoji ambacho kingempa hata banda la kuku.

Siku ya kumfukuza ikafika. Mkuu wa kijiji, Mzee Kajiru, akasimama mbele ya nyumba na kutamka hukumu. Nakiete hakulia.

"Nitaondoka, baba," akasema. "Nina ombi moja. Mrutu ailalie nyumba sasa hivi, nyote mkiona. Ikinyamaza, mimi ni mchawi."

"Niliilalia!" Mrutu akafoka.

"Basi kuilalia tena kutakuuma nini?" akauliza Kajiru.

Mrutu akawatazama watu, akautazama ukungu uliokuwa ukiteremka. Akaingia, akajilaza, sikio kwenye ubao. Watu wakajaa mlangoni na madirishani. Kimya. Kimya kikarefuka mpaka wengine wakaanza kumnyooshea Nakiete vidole, na binti yake akamng'ang'ania kanga.

Mara mikono ya Mrutu ikanyanyuka. Ikashuka. Ikanyanyuka tena, inavuta kitu kisichoonekana, na kila iliposhuka, chini ya sakafu kulilia: khrrr.

"Navuta, Kirimia," akasema, macho ameyafumba. "Navuta. Usinikaripie."

Kajiru akapiga magoti kando yake. "Kirimia yupi? Yule mgeni uliyesema ametorokea Tanga?"

"Yuko hapa chini."

Enzi hizo mbao zilipasuliwa kwa msumeno mrefu wa watu wawili. Gogo linalazwa juu ya shimo, mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anakuwa shimoni. Mrutu alikuwa wa juu. Ilikuwa kazi yake kuzizuia kuta za shimo kwa miti kabla mwenzake hajashuka. Siku ile akasema mvua bado, wapasue kwanza. Udongo ukamshukia Kirimia. Mrutu akaogopa, akalijaza shimo unga wa mbao na udongo juu. Mgeni hakuwa na ndugu wa kumuulizia.

"Nikasema nyumba ikikaa hapa, hakuna atakayechimba," Mrutu akalia. "Siku ya kuilalia nilimsikia. Nikakimbia kabla ng'ombe hawajafika mtoni. Nikarudi jioni kunywa uji."

"Ukamwacha mama na mtoto walale juu yake?" akauliza Kajiru.

Waliihamisha nyumba, wakachimba. Walimkuta Kirimia amesimama, vidole vya mifupa vimeshika mpini, na meno ya msumeno yanang'aa bila kutu hata chembe. Wakamzika kwa heshima. Mrutu akalazimishwa kutandika mawe mapya penye mwamba, na akailalia nyumba kutwa nzima. Nakiete akampa uji, akaunywa akilia. Mama yule aliishi humo hadi uzee wake, mlango haukujifungua tena.

Lakini Mrutu sasa! Nyumba yake mwenyewe ilikuwa imara, imetandikwa na baba yake. Ukungu ukishuka, aliketi kitandani, mikono inapanda na kushuka. Mkewe alilala pale pale ubavuni pake, akatega sikio mpaka shingo ikamuuma, asisikie kitu.

"Mume wangu, kuna nini?"

"Ananiuliza."

"Anakuuliza nini?"

"Kama kuta nimezizuia."

Mkewe akakimbilia kwa Mzee Kajiru. "Baba, tunalala kitanda kimoja. Mbona mimi sisikii?"

Kajiru akamjibu: "Mwanangu, ardhi haimuulizi mlalaji, humuuliza mtandikaji."