Mashine Zilizojibu "Nipo"

Isome hii mpaka mwisho hata kama una haraka. Kama una haraka ndiyo hasa inakuhusu. Ukimaliza, mpelekee fundi yeyote unayempenda.

Katika hospitali moja kubwa palikuwa na fundi mitambo aitwaye Hilali. Mwepesi wa mikono, mwepesi wa maneno, na mwenyewe alilijua hilo kupita kiasi. Kazi alifundishwa na Mzee Ponsiano, mkuu wa chumba cha seva, zile kompyuta kubwa zinazohudumia hospitali nzima, aliyempokea tangu hajui hata kushika waya.

Siku za karibuni Mzee Ponsiano alikuwa amelazwa wodi ya wagonjwa mahututi, kitanda namba sita. Moyo ulikuwa unamsumbua. Hilali alimpenda sana yule mzee, tusimwonee.

Sasa sikiliza. Mle chumbani mwao mlikuwa na mashine pepe thelathini, yaani kompyuta zisizo na mwili, zinazoishi ndani ya kompyuta nyingine. Mafaili yake yote yalikaa kwenye seva moja ya kuhifadhia, ng'ambo ya waya wa mtandao. Mashine pepe mojawapo ndiyo iliyoendesha kioo kikubwa cha wauguzi kinachoonyesha mapigo ya moyo ya kila mgonjwa wa wodi ile. Vioo vidogo vya vitandani vilikuwa vimeshakufa sauti siku nyingi.

Seva ile ya kuhifadhia ilitakiwa kubadilishiwa anwani ya mtandao. Asubuhi Hilali akapita kumjulia hali mzee.

"Unaibadilisha leo?" Mzee aliuliza kwa sauti ya chini.

"Leo leo, Mzee. Dakika mbili tu."

"Mashine zote zihamishie kwanza kwenye seva ya akiba. Moja moja. Na kabla hujagusa kitu, njoo hapa kwa miguu yako umwambie Sista, ili akae na wagonjwa awaangalie kwa macho."

"Sawa, Mzee. Wewe pumzika."

Ilikuwa sawa ya mdomoni. Kuhamisha mashine thelathini ni kazi ya kutwa nzima, na Hilali hakuwa mtu wa kutwa nzima.

Saa tano na dakika kumi akabadilisha anwani. Kisha akaziita mashine mtandaoni, moja baada ya nyingine, kama mwalimu anayeita majina darasani. Upo? Nipo. Upo? Nipo. Zote thelathini zikaitika.

"Wazee na woga wao!" akasema, akacheka peke yake.

Akajimiminia chai, akafungua kioo cha wodi kwenye kompyuta yake. Kitanda namba sita, mapigo sabini na mbili. Akanywa chai. Sabini na mbili. Kitanda namba saba, themanini na nane. Vitanda vyote vimetulia tuli. Akaweka kikombe chini, akasogea karibu na kioo.

Moyo gani wa binadamu usiopanda wala kushuka hata pigo moja?

Akatazama saa iliyo pembeni mwa kioo. Saa tano na dakika kumi. Akatazama saa yake ya mkononi. Saa tano na dakika thelathini na tatu.

Lahaula! Mashine zilikuwa zikiyatafuta mafaili yake kwenye anwani ya zamani, na huko hapakuwa na kitu tena. Ziliweza kujibu "nipo" kwa sababu hilo halihitaji faili. Kwa ndani zilikuwa zimeganda zote.

Akairudisha anwani ya zamani. Kioo kikazinduka, na kengele zote zilizokwama kwa dakika ishirini na tatu zikalia kwa pamoja. Ya kwanza, iliyokuwa imetunzwa na kioo kidogo cha kitandani, iliandikwa saa tano na dakika kumi na nne. Kitanda namba sita.

Hilali alitimua mbio. Alipofika wodini alimkuta Sista Redempta, muuguzi wa zamu, amesimama kando ya kitanda. Alikuwa ameushika mkono wa Mzee Ponsiano.

"Sista, anaendeleaje?"

"Mkono umeshapoa, Fundi."

Hilali akaugusa mkono ule.

"Nilikuwa palepale mezani," Sista akasema taratibu. "Sikutoa macho kwenye kioo. Kilikuwa kinaniambia yuko salama."

"Kwa nini hukukaa naye?" Hilali akalia. "Sista, kwa nini hukukaa naye?"

Sista akamtazama kwa mshangao.

"Mzee alituambia kwamba utakuja kwanza kutupa taarifa. Aliulizia mara mbili, 'Hilali hajaja?' Nikamwambia bado. Akasema, 'Basi hajaanza. Kaa tu mezani, Sista, namjua kijana wangu.'"

Funzo: Kabla hujagusa kinachobeba uhai wa wenzako, hamisha kwanza kilichomo, waambie, kisha ukawaone kwa macho yako; kuitika si kuwa salama.